Hori ya Ng'ombe, Hori ya Bahari

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye mashamba ya nje ya Kitale, baridi ya asubuhi ilikuwa na meno na mtoto alijua hori kabla hajajua kuhesabu. Hori ilikuwa kile chombo kirefu cha kulishia ng'ombe. Yetu aliichonga Baba mwenyewe kutoka kwa gogo la mkaratusi. Alilichimba kwa shoka na tezo mpaka likawa na tumbo, na ng'ombe wakalamba ndani yake miaka na miaka hadi mti ukawa laini kama shavu la mtoto. Kila alfajiri kabla ya shule nilimwaga humo mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, molasi kidogo na chumvi, huku pumzi zao za moto zikinigonga mkononi. Harufu ile ya molasi, samadi na maziwa yaliyomwagika, hata leo nikikutana nayo mahali, nasimama.

Wenzangu mliokuwa huko mnayajua mengine bila mimi kuwakumbusha. Mnajua umande wa kwenda shule miguu mitupu, unakanyaga pale ng'ombe alipolala ili upate joto. Mnajua maziwa ya shule ya pakiti yenye pembe, ambayo uliing'oa pembe moja kwa jino ukanyonya mpaka pakiti ikalia. Tulicheza kati mpaka mpira wa makaratasi ukafumuka, tukacheza brikicho, ule mchezo wa kujificha, mpaka giza likatufukuza. Mahindi mabichi tuliyachoma hukohuko shambani, tukarudi na midomo myeusi, halafu tukakana mbele ya Mama kwamba hatujala kitu. Likizo tulipelekwa kwa Kukhu, mama yake Baba, kule Misikhu upande wa Bungoma, tukanenepa kwa mboga ya mrenda na ugali wa wimbi. Leo ukimwambia mtoto alale bila simu anadhani umemfunga jela. Sisi tulilala na viroboto, na tulilala fofofo.

Kwa hiyo hori ilikuwa ya ng'ombe, na ilikuwa pia ya Krismasi, kwa sababu katika hori ndimo alimolazwa mtoto Yesu. Mwaka ninaoukumbuka mimi nilikuwa darasa la saba, na kanisa letu lilikuwa limenichagua niwe Mariamu katika mchezo wa Krismasi. Baba alikuwa mzee wa kanisa na tena mwenyekiti wa kamati ya shule. Mtu mrefu, mpole, ila akikasirika hakupaza sauti. Alizidi kunyamaza, na sisi tulikuwa tunaogopa ule ukimya kuliko fimbo.

Mwaka huohuo ndipo alipotujia Mwalimu Bakari.

Kiswahili kilikuwa kimefanywa somo la mtihani juzijuzi tu, na walimu wengi wa kwetu kilikuwa kinawapiga chenga kama kilivyotupiga sisi. Tuliongea Kiswahili cha sokoni, cha 'ile kitu' na 'hii maneno', na wale waliotoka Bungoma walikuwa wanazibadilisha r na l wapendavyo, mchele ukawa mchere na radi ikawa ladi. Mwalimu Bakari alikuja kututoa huko. Alizaliwa pwani, upande wa Kilifi, mwembamba, mpole wa maneno, na baridi ya Kitale ilimtesa hadi tukamwonea huruma. Alivaa sweta juu ya sweta, na skafu juu ya hizo sweta, mwezi wa saba mpaka wa kumi. Hatukukawia kumbatiza jina: Mwalimu Sweta. Alilijua na aliliitikia.

Siku moja alitupa ufahamu usomwe kwa sauti, mwanafunzi mmoja mmoja. Habari ilikuwa ya tufani baharini. Ikafika zamu ya Wanjiru, rafiki yangu, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Nyeri wakanunua shamba karibu na letu. Akasoma kwa ile sauti yake ya kengele kwamba tufani ilipoanza, manahodha waliingiza vyombo vyao horini.

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka kwa pua, na wote tukafuata. Nanyi mtuelewe. Kwetu vyombo ni sufuria na sahani. Hori ni ya ng'ombe. Sasa tufani inavuma, watu wazima wanakimbia na sufuria zao kuzificha kwenye chakula cha ng'ombe.

Wanjiru akainua mkono. "Mwalimu, sasa ng'ombe walikula wapi?"

Mwalimu Bakari alitutazama bila kuelewa. Alipoelewa, akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa ncha ya skafu. Halafu akafuta ubao wote, hesabu za mwalimu mwingine zikaenda, akachora mstari mrefu.

"Huku ni nchi kavu, huku ni bahari," akasema. "Bahari ikifungua mikono hivi, pakawa papana, hapo ni ghuba. Lakini pengine bahari inapenyeza kidole chake ndani ya nchi, chembamba, kinaingia kinapinda, ukingo huku na ukingo huku. Kidole hicho ndicho hori. Mimi nimezaliwa kando ya hori. Ukisimama upande huu unamwita mtu wa ng'ambo kwa jina lake, naye anakuitika. Nje kule mawimbi yanapigana, ndani ya hori maji yametulia. Ndiyo maana manahodha waliingia humo. Na vyombo, wanangu, ni vyombo vya baharini. Si masufuria."

Tukamwuliza neno lenyewe limetoka wapi. Akasema Waarabu wana neno khor, na ni hayohayo maji membamba yaliyoingia nchini, na kwao yapo mengi. Mabaharia walilileta pamoja na tende na mazulia, wazee wa pwani wakalipokea, wakailainisha ile kh iliyokuwa ikikwaruza koo, wakalitilia i mwishoni kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishe mdomo umefungwa.

"Na hori ya ng'ombe?" nikauliza.

"Nayo ni hori. Hata kwetu tunaiita hivyo. Neno moja, nyumba mbili."

"Nayo imetoka kwa Waarabu?"

Akafikiri. "Hapo sina hakika, Nekesa. Nikijua nitawaambia."

Alikuwa mwalimu wa kwanza tuliyemsikia akisema hajui, na jambo hilo lilitushangaza kuliko bahari. Lakini kengele ilikuwa imelia, nusu ya darasa walikuwa tayari mlangoni, na waliotoka walitoka na nusu ya somo.

Jioni ile kila mtoto aliifikisha nusu yake nyumbani. Mimi nilikuwa jikoni namwambia Mama, Baba yuko nje ya mlango anaosha ndoo za maziwa.

"Hori ni bahari iliyoingia nchi kavu," nikasema. "Mwalimu Bakari ametuambia."

Ndoo zikanyamaza. "Rudia," Baba akasema.

Nikarudia.

"Na ile alimolazwa mtoto Yesu?"

"Hiyo pia ni hori, Baba, lakini…"

"Hiyo pia ni bahari?"

Nikaanza kueleza habari ya nyumba mbili, lakini maelezo yakanikwama, na Baba akawa amekwenda zake zizini. Hakula vizuri usiku ule. Mama akamwuliza ana nini, akasema hana kitu. Ndipo nikajua kuna kitu.

Jumapili baada ya ibada wazee walisimama nje ya kanisa muda mrefu kuliko kawaida. Kila mmoja alikuwa na toleo lake kutoka kwa mtoto wake. Kwa mmoja, mwalimu alikuwa amesema hori si ya ng'ombe. Kwa mwingine, alikuwa amesema habari ya Krismasi imeandikwa vibaya. Kuna aliyesikia kwamba neno hilo ni la Waarabu na watu wa bara waache kulitumia. Wengine wakaanza kusema kwamba huyo mwalimu ni Mwislamu, kama vile walikuwa wamegundua jambo lililofichwa, wakati alikuwa akifunga Ramadhani mbele ya macho yetu na wake zao wakimpelekea uji wa kufungulia. Wakakubaliana uitwe mkutano wa wazazi, mwenyekiti aombe ofisi ya elimu imhamishe. Mwenyekiti ni Baba. Naye hakukataa.

Habari za enzi zile hazikuhitaji simu. Zilipanda magari na wafanyabiashara wa kuku na nyanya, na siku ya soko zikawa zimefika Misikhu, zikiwa zimenenepa njiani. Mchana mmoja tunavuna mahindi, tukaona Kukhu anakuja na njia ya shamba, kuku kwapani, kilemba kimekaa upande. Hakuwa ametuma habari kwamba anakuja. Hakuketi hata alipowekewa kiti.

"Nimekuja kuchukua Nekesa," akamwambia Mama. "Atasoma Bungoma. Nasikia huku kuna mwalimu anajaza maji kwa holi ya ng'ombe anabatiza watoto dini nyingine."

"Mama, hakuna mtu amebatizwa," Mama akasema.

"Wewe ulikuwa unaangalia?"

Mama akanigeukia, nami nikaapa kwamba sijabatizwa. Kukhu akanishika kichwa, akanusa nywele zangu kana kwamba maji ya ubatizo yana harufu. "Mayi, mama yangu," akasema, kwa sauti ya huruma, "wewe huwezi jua. Walikufanyia ukiwa unacheka." Usiku ule nguo zangu zikafungwa kwenye leso yake, na fundo lake likawekwa kando ya mlango. Nililitazama fundo lile mpaka usingizi ukanichukua. Kuondoka Kitale kulimaanisha kumwacha Wanjiru, kuacha kuwa Mariamu, na kuacha Kiswahili cha Mwalimu Bakari, ambacho kilikuwa kimeanza kunifungulia kitu kichwani ambacho mpaka leo hakijafungwa.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika darasa letu. Wazazi wazima walibanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Watu walikuwa wameacha mahindi yao shambani wakati wa mavuno, nanyi mnajua mahindi ya Kitale wakati wa mavuno hayaachwi kwa kitu kidogo. Alikuwepo hata Jayanti, mwenye duka la vitambaa mjini, Mhindi aliyeshona sare za nusu ya watoto wa wilaya na aliyetusaidia mabati ya darasa lilelile tulilokaa. Sisi watoto tuliambiwa tukae nje, ila mimi na Wanjiru tuliitwa ndani tusimame karibu na ubao. Mwalimu Bakari alikaa mbele, skafu shingoni, mikono juu ya magoti. Asubuhi ile nilikuwa nimepita nyumba ya walimu nikamwona anakunja masweta yake kuyatia kwenye sanduku.

Baba akafungua kwa sala. Kisha mzee mmoja wa kanisa mwenye sauti ya tarumbeta akasimama.

"Sisi hatuna ubaya na mtu," akasema. "Lakini mtoto wangu alirudi nyumbani akaniambia Yesu alizaliwa Mombasa. Sasa mimi nimwambie nini?"

Watu wakanung'unika. Mwingine akasema wapewe mwalimu wa kwao. Kukhu, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akauliza kama kuna mtu amelikagua lile holi kama lina maji.

"Mwalimu, sema," Baba akasema.

Mwalimu Bakari akasimama. Nilitarajia atafundisha, kama alivyozoea. Hakufundisha. "Wazee wangu," akasema, "mimi ni mgeni kwenu, na mmenitunza. Niliumwa mapafu mwezi wa sita, mkanipa maziwa na moto. Siwezi kuja kudharau kitu mnachokiheshimu. Niliwaambia watoto kwamba neno hori lina maana mbili, na moja ni mahali nilipozaliwa. Mkiona nimekosa, nitaondoka kesho na sitamlaumu mtu."

Hapo Jayanti, aliyekuwa akitazama huku na huku kama mtu aliyepotea, akainua mkono.

"Samahani, Mwenyekiti. Mimi nimeambiwa na huyu mama kwamba tatizo ni holi. Sasa Holi ni sikukuu yetu. Tunarushiana rangi. Hakuna mbaya hapo. Kama watoto wamechafua sare na rangi, lete dukani, nitaona."

Darasa lilipasuka kwa kicheko, hata yule mzee wa tarumbeta. Walipomweleza kwamba ni hori, si holi, na kwamba ni chombo cha ng'ombe na pia ni maji ya bahari, Jayanti akatikisa kichwa akasema hilo halijui, ila kwao upande wa Gujarati mashua ndogo inaitwa hodi.

"Karibu," akaitikia mtu aliyekuwa anasinzia nyuma.

Safari hii hata Mwalimu Bakari alicheka. Lakini nilimwona amemgeukia Jayanti kwa haraka, macho yamemwaka. "Pwani pia tuna mtumbwi unaoitwa hori," akasema polepole. "Na husemwa ulitoka na watu wa Bara Hindi."

Baba hakuwa amecheka. Alikuwa ananitazama mimi. "Nekesa," akasema, "wewe ulikuwa darasani. Sema ulichofundishwa. Usimwogope mtu, hata mimi."

Sijui kama mmewahi kusimama mbele ya baba yenu, mbele ya kijiji, mkaambiwa mseme jambo ambalo litamfanya yeye aonekane ameharakisha. Nikachukua chaki kwa sababu mikono yangu ilihitaji kushika kitu, nikachora ule mstari, nikachora kidole cha bahari. Nikasema hii ni hori ya bahari, na tufani ikija vyombo vinaingia humu vinapona. Halafu nikachora pembeni ile yetu ya nyumbani, yenye tumbo, na ng'ombe mmoja aliyefanana na mbwa, nikasema hii ni hori ya ng'ombe, na ndiyo ya Krismasi. Mwalimu alisema ni neno moja lenye nyumba mbili. "Hakusema Yesu alizaliwa baharini," nikamalizia. "Mimi niliuliza hori ya ng'ombe imetoka wapi, akasema hana hakika."

"Alisema hana hakika?" Baba akauliza.

"Ndiyo, Baba."

Wanjiru akasema naye alisikia hivyohivyo.

Baba akautazama ubao kwa muda. Ule ukimya wake ukajaa darasa lote. Aliposimama nilidhani amekasirika, lakini alizungumza kwa sauti ya mtu anayeshusha mzigo.

"Mimi ndiye mwenyekiti," akasema. "Niliyasikia haya jikoni kwangu, sikumngojea mtoto amalize. Nikayabeba nusu mpaka kanisani. Mwalimu Bakari, unisamehe mbele ya hawa watu, kwa sababu ni mbele yao nilikuacha usemwe." Akaenda akampa mkono. Mwalimu akaushika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Kukhu alitazama yote hayo, kisha akauliza kwa sauti ambayo yeye aliamini ni ya chini, "Kwa hiyo kuku nilimleta bure?" Kuku alichinjwa jioni ile. Baba alimwomba Mwalimu Bakari amchinje yeye ili naye aweze kula, na tangu siku hiyo kila kilichochinjwa kwetu wakati yeye yuko, alishika kisu yeye. Fundo la nguo zangu lilifunguliwa.

Ile jioni ya kuku ndipo jambo la pili lilipotokea, ambalo watu wa kwetu walilisimulia kuliko mkutano wenyewe. Mwalimu alikuwa anazunguka zizini akingojea chakula, akasimama mbele ya hori yetu. Akaipapasa ukingo. Akainama akaitazama kwa chini.

"Mzee Wafula, hii umeichonga wewe?"

"Mimi mwenyewe, na tezo," Baba akasema.

"Ukiuziba ufa huu wa upande huu kwa udongo, ukaisukuma majini, inaelea. Kwetu mtumbwi huchongwa hivihivi, kutoka gogo hivihivi." Akanigeukia. "Nekesa, uliniuliza. Bado sina hakika. Lakini mimi naona labda ng'ombe walipewa mtumbwi uliochakaa, na jina likabaki."

Wiki iliyofuata, siku mahindi ya mwisho yalipoingia ghalani, Baba aliiosha hori kwa maji ya moto, akaziba ufa, akaifunga kwenye mkokoteni wa ng'ombe akaipeleka kwenye bwawa la kunyweshea mifugo. Ninyi mliokuwa upande ule mnalikumbuka bwawa lile lililochimbwa na mzungu aliyekuwa na shamba zamani. Upande mmoja maji yalikuwa yameingia kati ya kingo mbili, membamba, yakapinda nyuma ya matete.

"Ile pale," Mwalimu Bakari akasema, na alitamka kama mtu aliyeona nyumba yao. "Ile ni hori kabisa. Inakosa chumvi tu."

Tulidhani mimi na Wanjiru ndio tutakaopanda. Baba akasema kwanza ajaribu mtu mzito. Akakunja suruali, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati, akaketi ndani ya hori ya ng'ombe wake huku ameshika jembe kama kasia. Mwalimu akaisukuma. Ikayumba, maji yakaingia kidogo, ikatulia. Ikaelea. Baba akapiga maji kwa jembe huku na huku, akazunguka mara kadhaa pasipo kutaka, kisha akapata njia, akaenda taratibu mpaka akaingia kwenye yale maji membamba, akapotea nyuma ya matete.

Tulisubiri ukingoni. Kukhu alikuwa ameanza sala. Halafu tukasikia sauti ya Baba kutoka nyuma ya matete, sauti ambayo sijawahi kuisikia kabla ya siku ile, sauti ya kijana, inamwita Mwalimu kwa jina. "Bakari. Huku maji yametulia."

"Ndiyo, Mzee Wafula," Mwalimu akamwitikia kutoka ng'ambo. "Ndivyo yalivyo."

Alipotaka kurudi hori ilipinduka, Baba akatoka na matope mpaka kiunoni, na ng'ombe waliokuwa wanakunywa wakamtazama kana kwamba wanadai chombo chao. Krismasi mimi nilikuwa Mariamu, mtoto akalazwa ndani ya hori ileile, na Mwalimu Bakari alikaa kiti cha pili kutoka mbele, na Baba kando yake.

Mwalimu alihamishwa kwenda pwani nilipokuwa sekondari kule Bungoma. Aliniaga kwa kuniambia nisome Kiswahili hadi mwisho wake, akacheka akasema hakina. Nilikisoma. Miaka ya tisini ikielekea kuisha nikaajiriwa kufundisha Mombasa, na Baba akaja kunitembelea, mara yake ya kwanza kuona chumvi ikiwa majini. Nikampeleka darajani Nyali. Akasimama akaegemea chuma, akaangalia maji yanavyoingia kati ya nchi, kingo huku na huku, yakipinda kwenda kusikoonekana. Watu walitupita. Alikaa hapo mpaka jua likamwunguza kichwa.

"Ni kubwa," akasema mwishoni. "Lakini nimeitambua."

Baba hayupo tena. Mwalimu Bakari naye, nasikia, alizikwa kwao, karibu na maji yake. Shamba limegawanywa, bwawa limejaa udongo, na ng'ombe wa siku hizi wanakula kwenye banda la simiti ambalo vijana wanaliita kwa Kiingereza. Hayo siyalilii sana. Ninachokikosa ni jambo jingine. Kulikuwa na wakati neno moja liliweza kuwatoa watu shambani wakati wa mavuno, likawakalisha kwenye madawati ya watoto, wakagombana, wakacheka, wakaombana msamaha, na wakatoka wamejuana. Leo neno linajibiwa kabla halijamuuma mtu.

Mwezi uliopita mwanangu alikuwa nyumbani, likizo kutoka chuoni Kibabii anakosoma. Nikamsikia ananiuliza, "Mum, hori ni nini? Nimekutana nayo mahali." Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaiuliza simu. Ikamjibu maana zote, ya maji, ya mtumbwi na ya ng'ombe, moja baada ya nyingine, na asili yake juu.

"Ah, kumbe ni creek tu," akasema, akaanza kuinuka. "Si wangesema hivyo bana."

Nikamwambia aweke simu mezani akae. Akaniuliza kama ni hadithi ndefu. Nikamwambia ndiyo, ni ndefu, na nikamtilia chai.